Shajara ya mradi: Maelezo ya Kiswahili ya konokono wa jenasi Pyramidella

Februari 3

Leo nimeanza rasmi kazi niliyoiahirisha tangu muhula uliopita: kuandika kwa Kiswahili maelezo ya konokono wa bahari wa jenasi Pyramidella, kwa ajili ya kabati la maonyesho katika maabara ya biolojia ya shule yetu hapa Tanga, na baadaye kwa kijitabu ambacho wanafunzi wataweza kwenda nacho ufukoni. Kabati lina masanduku 14 ya magamba yaliyokusanywa na walimu waliotutangulia. Mengi yana vibandiko vya Kiingereza vilivyofifia wino, na vingine vina jina la Kilatini peke yake, bila hata neno moja la kumweleza mtoto kwamba kitu anachokitazama kilikuwa nyumba ya mnyama aliyekula, aliyezaa na aliyekufa.

Sanduku la Pyramidella lina magamba matano. Matatu ni ya spishi Pyramidella acus, yenye rangi ya maziwa na madoa ya hudhurungi yaliyojipanga kwa safu zinazolizunguka gamba tangu mdomoni hadi karibu na ncha. Refu kuliko yote nimelipima kwa kalipa nikapata milimita 43. Mawili yaliyobaki ni madogo, na moja limevunjika ubavuni, jambo ambalo mwanzoni lilinisikitisha lakini nadhani litanifaa baadaye.

Ilinibidi kwanza nichague maneno. Kwa nyumba ya konokono nimechagua "gamba", kwa kuwa ndilo neno ambalo wanafunzi wangu hulitumia bila kufundishwa. Nguzo iliyo katikati ya gamba, ambayo mizunguko yote inaizunguka, nitaiita "mhimili". Sahani ndogo ambayo mnyama huitumia kufunga mlango anapojirudisha ndani itakuwa "kifuniko". Ngozi laini inayotengeneza gamba itakuwa "joho". Sitaki kuunda maneno mapya mahali ambapo lugha tayari ina neno linalokaa vizuri.

Kwa leo nimeliweka sanduku hili kando ya sanduku la Tectus, jenasi nyingine ya konokono wa bahari wenye gamba la kuchongoka, kwa sababu orodha ya zamani ya kabati inayaita yote mawili "konokono wa piramidi". Rasimu ya kwanza ya kibandiko nimeiandika kwa kufuata mpangilio huo.

Februari 9

Siku nzima imekwenda kwenye neno moja. Pyramidella ni Kilatini chenye maana ya piramidi ndogo, na ingeonekana rahisi kuandika "konokono mwenye gamba la umbo la piramidi" na kuendelea. Lakini mtoto anaposikia piramidi hufikiria Misri, yaani jengo lenye kitako cha mraba na pande nne zinazokutana kileleni, naye akilishika gamba hili hataona pande wala pembe. Ataona kitu cha mviringo chini, chenye kuchongoka juu, kinachozunguka kwa utaratibu usiokatika. Kwa Kiswahili umbo hilo lina jina lake: ni pia. Katika somo la hisabati pia ni umbo lenye kitako cha duara na ncha moja, na uani pia ni kile kijiti kilichochongwa ambacho watoto hukizungusha kwa kamba. Neno hilohilo linabeba maana zote mbili, na zote mbili zinafaa, kwa hiyo nimeandika "gamba refu la umbo la pia" na nimeliacha neno piramidi lieleze asili ya jina la Kilatini tu.

Historia ya jina nayo imenifundisha jambo. Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alipochapisha toleo la 10 la Systema Naturae, kitabu chake cha kupanga viumbe na majina yao, mwaka 1758, aliiita spishi mojawapo ya konokono hawa Trochus dolabratus. Maana yake ni kwamba aliiweka katika kundi moja na konokono wanene wa miambani, kwa kuwa wote walikuwa na gamba la kuchongoka. Mwaka 1799 Mfaransa Jean-Baptiste de Lamarck aliitoa humo na kuiundia jenasi mpya, Pyramidella, na spishi ileile ya Linnaeus ndiyo iliyobaki kuwa kielelezo cha jenasi hadi leo, sasa ikiitwa Pyramidella dolabrata. Spishi hiyo inajulikana hasa kutoka bahari ya Karibi na pwani za magharibi ya Atlantiki, ambako huishi kwenye mchanga wa maji mafupi. Spishi tuliyo nayo sandukuni, P. acus, ilipewa jina na Johann Friedrich Gmelin mwaka 1791, nayo ni ya Bahari ya Hindi na Pasifiki.

Nimeliangalia lile gamba lililovunjika ubavuni. Mhimili unaonekana wazi, na juu yake kuna mikunjo iliyozunguka kama uzi wa parafujo, mmoja mnene karibu na juu na mingine myembamba chini yake. Mikunjo hiyo ndiyo alama ya kutegemea. Mtu akikutana na gamba refu, laini, lenye kung'aa kama kauri ya chai, na akaona mikunjo kwenye mhimili ndani ya mdomo wake, basi ana sababu nzuri ya kuifikiria Pyramidella.

Februari 16

Bamvua. Nilitoka na wanafunzi sita asubuhi, maji yalipokuwa yamekupwa mbali. Juu ya mwamba tulikuta Tectus kadhaa wakiwa hai, wamejibandika kwenye mianya yenye kivuli, magamba yao yamefunikwa na chokaa na mwani kiasi kwamba wanafunzi wawili walikanyaga pembeni yao bila kuwaona. Tuliwatazama, tukachora, tukawaacha walipo.

Kwenye sehemu ya mchanga, kati ya majani ya bahari, tulichekecha ndoo nne za mchanga. Hatukupata Pyramidella aliye hai. Tulipata gamba moja tupu, dogo, safi, lenye ncha isiyolika, na hilo nimelifunga kwenye pamba kwa uangalifu mkubwa kuliko yote yaliyomo kabatini.

Machi 1

Leo nimegundua kosa langu, na ninaliandika hapa kikamilifu kwa sababu ndilo lililobadilisha mradi mzima.

Nilikuwa nimewasomea wanafunzi rasimu ya kibandiko. Msichana mmoja wa kidato cha pili akauliza swali rahisi: "Mwalimu, huyu anakula nini?" Nikajibu bila kusita kwamba hula mwani, anaukwangua juu ya mawe, kama nilivyokuwa nimeandika. Akaniuliza tena mwani gani ulioko ndani ya mchanga. Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma upya, nikaona kwamba sentensi nzima ilikuwa ya Tectus. Niliihamisha kwenda kwa Pyramidella kwa sababu tu masanduku yalikuwa yamekaa pamoja na yanafanana.

Tectus ni mkwanguaji kweli. Kinywani ana radula, yaani ulimi uliopangwa safu nyingi za meno madogo, ambao huuburuta juu ya jiwe kama tupa na kukomba mwani. Pyramidella na jamaa zake wote wa familia ya Pyramidellidae hawana radula kabisa. Badala yake wana mkonga mrefu unaokunjika na kuingia ndani ya mwili wakati hautumiki. Kwenye ncha ya mkonga kuna kinyonyeo cha kushikia ngozi ya mnyama mwingine, na katikati ya kinyonyeo hicho hutoka sindano ngumu inayotoboa. Nyuma ya sindano kuna pampu ya misuli inayovuta majimaji ya mwili wa yule aliyetobolewa. Kwa maneno mengine, konokono huyu ni kimelea cha nje. Maisha yake yako karibu na ya kupe kuliko ya mbuzi.

Hata wataalamu walichelewa kulijua hili. Magamba ya familia hii yalikusanywa, yakapewa majina na kupangwa kwenye droo za makumbusho kwa zaidi ya karne moja na nusu kabla ya mwaka 1949, ambapo Vera Fretter na Alastair Graham wa Uingereza walichapisha uchunguzi wao wa kina juu ya maumbile na maisha ya konokono hawa, wakaeleza mkonga, sindano na pampu, na kuonyesha kwamba wanaishi kwa kunyonya wanyama wengine, hasa minyoo wa bahari na moluska wenye magamba mawili. Mwaka 1909, miaka 40 kabla ya hapo, William Healey Dall na Paul Bartsch walikuwa tayari wamechapisha kitabu kinene juu ya spishi za familia hii za pwani ya magharibi ya Amerika, kikieleza mamia ya magamba kwa makini ya kustaajabisha. Ninaiheshimu sana kazi hiyo. Lakini inaonyesha umbali gani mtu anaweza kwenda na gamba mkononi bila kumjua mwenye nyumba.

Kibandiko cha kwanza nimekichana. Kesho nitamweleza msichana yule mbele ya darasa kwamba swali lake lilikuwa sahihi na jibu langu halikuwa sahihi.

Machi 8

Nimekwenda kwa undani kwenye suala la chakula, kwa kuwa ndilo lililowashika wanafunzi.

Jamaa anayefahamika vizuri kuliko wote ni Boonea impressa, konokono mweupe wa milimita chache tu, anayeishi pwani ya mashariki ya Marekani na Ghuba ya Mexico. Mwenyeji wake mkuu, yaani mnyama anayemnyonya, ni chaza. Konokono hawa hukusanyika ukingoni mwa magamba mawili ya chaza, hungoja yafunguke, kisha hunyoosha mikonga na kuiingiza kwenye joho. Mmoja peke yake hana madhara makubwa, lakini wakiwa wengi chaza hukua polepole, kwa kuwa nguvu ambayo angeitumia kujenga mwili inakwenda kwa wanyonyaji. Mwaka 1987 watafiti wa huko walionyesha pia kwamba konokono huyu anaweza kubeba Perkinsus marinus, kimelea kidogo sana kinachoua chaza, na kukihamisha kutoka kwa chaza mmoja hadi mwingine anapohama. Wanafunzi wangu, ambao wote wanajua kazi ya mbu katika malaria, walielewa jambo hili bila maelezo ya ziada, na mmoja alisema kabla sijamaliza: "Kumbe huyu ni mbu wa chaza."

Mfano wa pili ni wa mashamba ya chaza wakubwa wa jenasi Tridacna katika Pasifiki. Humo familia hii ni adui anayejulikana kwa kila mfugaji. Konokono wake ni weupe, wana urefu kama wa punje ya mchele, na mchana hujificha chini ya chaza au katika mikunjo ya gamba lake. Usiku hupanda hadi ukingoni na kunyonya. Chaza wadogo huweza kufa. Dawa ya uhakika ni ya mikono: kumtoa chaza majini, kumsugua kwa brashi, kuokota konokono mmoja mmoja, na kufuta mayai yao, ambayo hutagwa ndani ya ute juu ya gamba lenyewe la mwenyeji. Hapa kwetu chaza wa Tridacna wapo kwenye matumbawe, na kama siku moja mtu wa pwani hii ataamua kuwafuga, ningependa awe amekisoma kijitabu chetu kabla ya kupoteza kundi lake la kwanza.

Nimeongeza kwenye maelezo kwamba konokono hawa ni huntha: kila mmoja ana viungo vya uzazi vya kiume na vya kike. Tectus kwa upande wake wana madume na majike, nao humwaga mbegu na mayai moja kwa moja baharini. Hii ni tofauti ya pili kubwa kati ya masanduku mawili yaliyokaa pamoja.

Machi 15

Hakuna maendeleo ya maana. Mitihani ya nusu muhula. Nimepaka rangi sehemu ya ndani ya kabati.

Machi 22

Leo nimekaa na hadubini tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, na gamba dogo lililookotwa Februari ndilo lililokuwa chini ya lenzi. Nilikuwa nimesoma juu ya ncha ya magamba ya familia hii, lakini kusoma ni jambo moja na kuona ni jingine.

Kwa kawaida mtu angetarajia ncha ya gamba iwe mwanzo mdogo wa mizunguko ileile inayoonekana chini. Gamba hukua kwa kuongezwa mdomoni, kwa hiyo kileleni ndiko utoto wake ulikobaki. Lakini juu kabisa ya gamba hili hakuna kilele cha kawaida. Kuna kijigamba kidogo, laini kama kioo, kimelala ubavu, kana kwamba mtu amechukua konokono mchanga sana na kumlaza juu ya mnara wa mtu mwingine. Mizunguko ya kijigamba hicho inaonekana kwenda mkono wa kushoto, na gamba lote lililobaki linakwenda mkono wa kulia.

Hicho kijigamba ndicho gamba la kiluwiluwi, yaani nyumba aliyokuwa nayo konokono alipokuwa hajafikia umbo la utu uzima. Nimetafuta njia ya kulieleza geuko hili bila kuwachanganya wanafunzi, nikaukumbuka ukili nyumbani kwa shangazi. Mtu akichukua ukili uliozungushwa na kushonwa kuwa duara bapa, kisha akausukuma katikati kwa kidole kutoka chini, katikati hupanda na ukili huwa pia inayozunguka upande mmoja. Akiusukuma kutoka juu kwenda chini, kisha akaipindua kazi yake ili ncha itazame juu, ataona kwamba sasa unazunguka upande wa pili. Ukili ni uleule, mshono ni uleule, mshonaji hakubadilisha mkono. Kilichobadilika ni upande ambao katikati imetokezea.

Ndivyo ilivyo kwa konokono huyu. Mwili wake haugeuzwi. Viungo vyake vimepangwa kwa mkono wa kulia tangu mwanzo. Ila katika utoto gamba lake hukua huku kilele kikiwa kimesukumwa upande usio wa kawaida, na linapofika hatua fulani ukuaji unavuka na kwenda upande mwingine, na tangu hapo mizunguko yote inashuka kwa mkono wa kulia hadi mwisho wa maisha yake. Kijigamba cha utotoni hakiondoki. Kinabaki juu, kimeinama au kimelala, na wataalamu hupima hata pembe ya kuinama kwake ili kutofautisha spishi na jenasi za familia hii.

Nilimwita mlinzi wa shule aje atazame, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine siku ya leo. Alitazama kwa muda mrefu, akasema kwamba kinafanana na mtoto aliyelala begani kwa mama yake. Nimeliandika hilo kwenye daftari la mradi na nitaliomba kwake kwa ajili ya kijitabu, kwa sababu sijapata maneno bora.

Magamba makubwa matatu ya sandukuni hayana kijigamba hicho. Ncha zao zimelika kwa mchanga na umri. Hii inaeleza kwa nini ni muhimu kukusanya magamba madogo na safi pia, si yale makubwa ya kupendeza peke yake.

Machi 29

Kwa nini nilifurahishwa sana na kijigamba kilicholala? Kwa sababu ndicho kinachosema ukweli juu ya undugu.

Konokono wenye geuko hilo la utotoni ni wa kundi kubwa linaloitwa Heterobranchia, ambalo Gerhard Haszprunar alilieleza upya mwaka 1985 akitumia, pamoja na mambo mengine, alama hiyo. Ndani ya kundi hili mna koa wa bahari wenye rangi nyingi, na mna pia konokono wanaopumua kwa pafu, wakiwemo wa nchi kavu. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2010 na Katharina Jörger na wenzake uliwasogeza jamaa wa Pyramidella karibu zaidi na konokono wenye mapafu, ndani ya kundi waliloliita Panpulmonata.

Tectus hawamo humo. Wao ni wa Vetigastropoda, tawi la kale la konokono, na alama zake zinaonekana kwa macho. Mtu akilivunja gamba la Tectus huona ndani yake tabaka linalong'aa rangi za lulu, na ndilo lililomfanya jamaa yao mkubwa wa Pasifiki, Rochia nilotica, avuliwe kwa wingi ili gamba lake likatwe kuwa vifungo vya nguo. (Jina la nilotica lisimpoteze mtu, Linnaeus aliliandika mwaka 1767, lakini konokono huyo hana lolote la kumhusisha na mto Nile.) Gamba la Pyramidella halina tabaka hilo. Ndani ni jeupe na laini tu, kama kauri. Tectus ana matamvua ya kupumulia yaliyo dhahiri. Pyramidella hana matamvua ya namna hiyo.

Kwa hiyo kimelea huyu mdogo wa mchangani, aliyewekwa na Linnaeus pamoja na konokono wa miambani, na kuwekwa nami kando ya sanduku la Tectus, yuko karibu zaidi kwa undugu na konokono mkubwa wa mashambani, Lissachatina fulica, kuliko na Tectus. Lissachatina ndiye yule ambaye kila mtu wa pwani hii amewahi kumwondoa kwenye mchicha wakati wa masika. Asili ya konokono huyo wa mashambani ni hukuhuku Afrika Mashariki, naye pia ni huntha. Wanafunzi hawakuamini hata kidogo. Nimewaambia wasiamini kwa sababu nimesema mimi, bali waangalie alama moja moja, na tumepanga kipindi kizima kwa ajili hiyo.

Nataka kuongeza tahadhari moja kwenye kijitabu. Wako konokono wengine wembamba, weupe na wenye kung'aa, wa familia ya Eulimidae, ambao nao ni vimelea. Huwanyonya nyota wa bahari, majongoo wa bahari na wenzao. Mtu akiwaweka pamoja na Pyramidella kwa sababu ya umbo na tabia atakuwa amerudia kosa langu kwa njia nyingine, maana hao nao ni wa tawi tofauti. Gamba lao halina mikunjo kwenye mhimili kama hii tuliyoiona.

Aprili 12

Mvua za masika. Barabara ya kwenda ufukoni imekatika na safari ya pili ya kuchekecha mchanga imeahirishwa. Nimeitumia siku kuchora mnyama mwenyewe, kwa kutegemea maelezo ya viungo vya familia, ili kibandiko kisiwe na picha ya gamba tupu.

Kichwani ana vipapasio viwili vipana vya umbo la pembetatu, vilivyokunjwa kama masikio, na macho yako kwenye shina la vipapasio, upande wa ndani. Chini ya kichwa, juu kidogo ya mguu, kuna kipande cha nyama kinachotokeza mbele, ambacho kwa Kilatini kinaitwa mentum, yaani kidevu. Nimekiita kidevu bila wasiwasi. Mguu ni mfupi. Kifuniko ni chembamba, cha hudhurungi, kama ukucha. Mkonga nimeuchora ukiwa umetoka nusu, pamoja na mchoro mdogo wa pembeni unaoonyesha sindano na pampu. Nimefuta mara tatu kabla ya kuridhika na pampu.

Watoto wa darasa la jirani wameniletea konokono wa mashambani wawili kutoka kwenye bustani ya shule. Mmoja alikuwa amekufa, gamba lake zima. Nimeliosha na kulikausha.

Aprili 26

Kibandiko kimekamilika na kimechapwa. Nakala yake ninaiweka hapa ili iwe kumbukumbu ya mahali tulipofikia:

"Pyramidella. Konokono wa bahari wa familia ya Pyramidellidae. Jenasi iliundwa na Lamarck mwaka 1799, na jina lake lina maana ya piramidi ndogo. Gamba ni refu, la umbo la pia, laini na lenye kung'aa. Mhimili una mikunjo. Angalia ncha ya gamba dogo kwa kioo cha kukuzia: utaona gamba la utotoni limelala ubavu, likizunguka mkono wa kushoto. Mnyama ni huntha. Hana radula. Familia yake hutoboa ngozi ya wanyama wengine kwa sindano iliyo ndani ya mkonga na kunyonya majimaji ya miili yao. Huishi kwenye mchanga wa maji mafupi ya bahari za joto. Spishi iliyo hapa: Pyramidella acus, Bahari ya Hindi na Pasifiki."

Kibandiko cha Tectus nacho nimekiandika upya, kwa kuwa kilistahili maelezo yake mwenyewe: jenasi iliyoundwa na Denys de Montfort mwaka 1810, yenye gamba nene la umbo la pia pana, tabaka la lulu ndani, kifuniko cha duara, radula ya kukwangua mwani, na spishi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi iitwayo Tectus mauritianus. Maneno "konokono wa piramidi" nimeyaondoa kwenye orodha ya kabati.

Yaliyobaki ni haya: kuchekecha tena mchanga katika bamvua ya kwanza baada ya masika, safari hii tukiwatazama pia minyoo na chaza wadogo walio jirani, kupata kioo cha kukuzia kitakachofungwa kwa mnyororo mbele ya sanduku ili kila mtoto aione ncha kwa macho yake, na kumsomea mlinzi ukurasa wenye maneno yake kabla kijitabu hakijachapwa, ili aseme kama yamekaa alivyokusudia.

Mchana, kabla ya kufunga maabara, msichana wa kidato cha pili aliyeuliza juu ya chakula alinisaidia kupanga rafu. Sanduku la Tectus limebaki rafu ya juu, na wakwanguaji wenzake. La Pyramidella tumelishusha rafu ya tatu, na kando yake tumeweka, likiwa na kibandiko kipya ambacho wino wake ulikuwa haujakauka, gamba la konokono wa mashambani kutoka kwenye bustani ya shule.